Tatu Aliporudi Uwanjani

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, upepo wa Singida ukitimua vumbi hata mpira ukawa hauonekani vizuri. Nilikuwa nahodha wa timu ya wanawake ya mpira wa magongo, pale kwenye kiwanda chetu cha kukamua alizeti. Enzi hizo viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa, nasi tulijidanganya kwamba tukichukua kombe, mnunuzi ataona aibu kutufukuza.

Tatu, binti wa kijiji cha Shelui, alikuwa beki wangu na rafiki yangu. Siku hiyo ya fainali, mpinzani alipiga kwa nguvu, gongo likapanda juu, likamgonga Tatu juu ya sikio. Alianguka, akainuka anayumba.

"Dada, naona mipira miwili."

"Jikaze, zimebaki dakika chache. Ukitoka, tumekwisha."

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tatu alilisikia la mkuu, akarudi. Haikupita muda, bega la mchezaji mwingine likampata kichwani palepale. Hakuinuka. Mechi tulishinda, kombe tukalibeba, naona haya hata kutamka.

Alizinduka hospitali baada ya siku kadhaa, lakini hakuwa Tatu yule. Mkono wa kulia haukunyooka tena, na maneno yalimtoka vipandevipande. Nilipomrudisha kwao nilipiga magoti, nikamwamkia mama yake shikamoo. Hakuitikia. Alimkalisha mwanawe mkekani, akamfuta mate, ndipo akaniuliza, maana wenzetu walishamsimulia:

"Alikwambia haoni vizuri. Ulimsikia?"

"Nilimsikia, mama."

"Basi."

Heri angenitukana.

Kiwanda kiliuzwa, tukapunguzwa kazi sote. Mnunuzi hakuuliza habari za kombe. Tatu aliishi miaka kumi na moja akilishwa kwa kijiko. Kila nilipokwenda kumwona alinichekea kwa furaha, maana hakukumbuka ni nani aliyemrudisha uwanjani. Hapo ndipo paliponikata maini.

Mwanangu, ukiongoza wenzako, aliyepigwa kichwani mtoe, hata akiapa kuwa yu mzima, hata mkibaki wachache. Na akikwambia haoni sawasawa, mwamini papo hapo. Kombe hushindaniwa tena. Akili ya mtu haishindaniwi. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu tumezeeka naye, sina dawa yake.

Mungu akulinde mwili na akili, akujalie nahodha mwenye huruma kunishinda mimi.