Nyumba Niliyomuuzia Mama Mkwe Nikiwa Nimempa Mgongo

Bora mnisikie mimi mwenyewe kabla watu wa Nyantakara hawajawaeleza. Vita ilikuwa imekwisha, mabati hayapatikani hata kwa dawa, nami nilikuwa na nyumba ya bati. Nilitaka kuhamia Lusahunga nikawauzie chai madereva wa malori. Mama mkwe akasema nyumba ataichukua yeye. Dalali wa nini? Mdomo ninao, na mnunuzi ni wa nyumbani!

Tatizo lilikuwa matundu ya misumari ya zamani kwenye mabati. Dereva mmoja aliwahi kunionyesha anavyoziba tangi la dizeli linalovuja kwa kipande cha sabuni. Nikapanda juu, nikaziba matundu yote kwa mche mzima wa sabuni.

Siku ya kukagua nyumba, mama mkwe alikaa ndani na mke wangu. Sisi Wasukuma mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni, kwa hiyo nilikaa mlangoni nimewapa mgongo, nikawa naisifia nyumba. Mvua ikashuka. Nikafurahi kweli!

"Sikiliza, mama! Humu ndani hulowi hata ukucha!"

Nikajua ameridhika, nikazidi kusifia.

Mara mke wangu akaangua kicheko. Nikasahau adabu, nikageuka. Povu jeupe lilikuwa limemjaa mama mkwe kichwani mpaka kwenye nyusi.

Akalifuta taratibu.

"Mkwe wangu," akasema, "tangu vita iishe tunapanga foleni ya sabuni dukani. Kumbe yote iko paani kwako."