Leo Mama Amepiga Hodi

Leo mama yangu amepiga hodi mlangoni kwangu, na mimi nimelia.

Ngojeni niwaeleze.

Kule kwetu Bura, mama, hooyo kama tunavyomwita kwa Kisomali, alikuwa anaingia chumbani bila kuuliza. Ananiogesha, ananisuka, hata nikiwa na hasira. Nilipiga kelele mpaka nikahamia hii nyumba ya Garissa, tunakoishi wanawake watatu wenye ulemavu, na msaidizi anakuja ukimwita tu.

Sasa asubuhi nasikia, "Hodi! Naweza kuingia?"

Mama huyo! Na kidumu cha maziwa ya ngamia.

Akakaa pale nilipomwonyesha. Nikasukuma kiti changu cha magurudumu hadi jikoni, nikapika chai mwenyewe. Wakati wa kumimina, nikamwaga kidogo mezani. Mkono wake ukainuka kupangusa.

Halafu akaukalia.

Wallahi, mama yangu amekalia mkono wake!

Halima, mwenzangu asiyeona, nikamsimulia kwa kunong'ona. Akacheka. "Si ndicho ulichotaka?"

Ndicho.

Hooyo akanywa, akasifu chai, akaaga kama mgeni. Mlangoni akageuka: "Kuna kitu ungetaka nikufanyie?"

Chanuo lilikuwa mapajani mwangu, chini ya leso, tangu alipoketi. Nywele za nyuma mkono wangu haufiki.

Nikasema, "Hapana, hooyo. Niko sawa."

Gari la Bura limeshaondoka.

Nyinyi mliohama kwenu, hebu niambieni: baada ya kelele zote zile, mtu anasemaje "Hooyo, nisuke"?