Kengele ya shule yetu ilivyolia saa nzima kabla ya wakati, kumbe kompyuta bado ilikuwa London

Wakuu, habari za jioni. Mimi humu huwa nasoma tu, kuandika naona aibu. Ila hili limenitokea mwenyewe, sitaongeza chumvi.

Nasoma form three hapa Ifakara. Shule ilipewa kompyuta ya msaada kutoka Uingereza. Mimi na Baraka, ninayekaa naye dawati moja, tukaandika programu ya kupiga kengele. Timer zinajirudia kila siku ya masomo: vipindi, uji, kutoka. Zamani tulikuwa tunagonga rimu ya gari.

Internet hatuna. Kompyuta ilikuja na saa ya kwao, mwalimu akaisogeza kwa mkono ikalingana na ya ukutani. Tukajua tumemaliza.

Ikaenda vizuri hadi mwisho wa Machi.

Jumatatu, kengele ya uji ya saa nne ikalia saa tatu. Shule nzima mbio jikoni na vikombe. Mpishi akasimama mlangoni na mwiko:

"Nyie mmelogwa? Maji hata hayajachemka!"

Mwalimu wa zamu akairudisha saa nyuma. Mkuu wa shule hakucheka. Akasema ikikosea tena, kompyuta inaenda stoo na rimu inarudi.

Baraka akaninong'oneza, "Si imeshakaa sawa? Acha kiherehere."

Mimi iliniuma. Saa iruke yenyewe?

(Huku kwetu saa mbili ni saa mbili mwaka mzima. Ningejuaje kuna nchi wanasogeza saa?)

Kila jioni nikawa nabaki na ile kompyuta. Mwishowe nikakuta kwenye setting: time zone, yaani majira ya mahali, ni London! Chini yake pameandikwa kuwa wenzetu Machi wanasogeza saa mbele, Oktoba wanairudisha. Maana yake Oktoba kengele ingechelewa, form four wakiwa wanajiandaa na mtihani.

Nikaenda ofisini kwa mkuu.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba. Ongea kwa sauti."

Nikamuomba aje aone. Nikaweka tarehe ya Oktoba, ule usiku wao wa kurudisha saa, dakika moja kabla haijarudi, tukasubiri. Saa ikarudi nyuma yenyewe, hakuna aliyeigusa.

"Uchawi huu," akasema Baraka, aliyekuwa amekuja kuchungulia.

Nikaweka Nairobi (Ifakara haimo, ila majira ni yale yale), nikaiseti saa upya, nikarudia. Haikuruka, nikarudisha tarehe na saa ya siku ile.

Mkuu akanigeukia. Kisha: "Iendelee. Ikikosea nakuita wewe, siyo mwalimu."

"Sawa mkuu!" Nilijibu kwa sauti hadi mwenyewe nikashtuka.

Oktoba ikapita, kengele haikuyumba.

Nilichojifunza: ukipanga timer ya kujirudia, usihangaike kusogeza mshale. Iambie kompyuta ipo wapi duniani.

Sasa nataka programu itume sms kwa wazazi kupitia seva ya nje. Wenye uzoefu, muda mnaandika wa kwetu au wa UTC, ile saa moja ya dunia nzima? Nifundisheni, hata kwa kunicheka.