King'ora cha Wangui

Wacha nikiri mapema: ndiyo, ni mimi. Yule mama aliyetolewa kwenye tangi la kahawa kule Gakindu mbele ya wakulima, kamati, pasta na wapishi, akiwa na suti ya kijivu na viatu vya kuazima, ni mimi Nyawira, na kama kuna mtu hapa bado ana ile video kwenye simu aendelee kuitazama, sina neno. Aibu niliiona na nikaimaliza. Lakini kisa mnakisimulia vibaya, kwa hivyo leo nitakisema mwenyewe.

Kazi yangu mnaijua. Naweka zile paneli za umeme zinazofanya mashine ijue yenyewe wakati wa kuwaka, wa kufungua maji na wa kusimama, na kila mwaka nachukua vijana waliomaliza chuo nawafundisha, kwa sababu mimi nilipoanza hakuna aliyenifundisha, nilirushwa na stima mpaka nikajua. Mwaka huo nilikuwa na Wangui, msichana wa Mweiga, mpole, anayeandika kila kitu kwenye daftari (hata mizaha yangu, sijui ya nini). Alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili na diploma yake, akikamua ng'ombe za mamake na kuulizwa kila Jumapili kama amepata kazi. Sasa faktori moja ya kahawa upande wa Gakindu ikanunua mashine mpya ya kumenya kahawa, nikamwachia Wangui aandike programu yote, na kamati ikasema mashine ikifanya vizuri siku ya uzinduzi, watamwajiri awe fundi wao.

Kwenye ile programu aliweka king'ora. Mashine haiwaki mpaka mtu aizunguke aikague, abonyeze kitufe, king'ora kilie sekunde kumi, ndipo iwake. Na ni mimi niliyemfundisha hivyo. Lakini asubuhi ya uzinduzi mimi huyo huyo nikaona kile king'ora kitashtua wazee na kuharibu sherehe, nikataka kitu cha kushangaza watu, yaani saa tano kamili mashine iwake yenyewe bila mkono wa mtu, wageni wapige makofi (tuseme ukweli, nilitaka kusifiwa). Nikafungua laptopu, nikatoa king'ora, nikatoa kitufe, nikaweka saa.

Wangui alikuwa amesimama kando yangu.

"Madam, naomba tu kuuliza. Na kama watakuwa hawajamaliza maombi?"

"Ratiba inasema maombi ni saa nne na dakika arobaini. Dakika kumi, basi."

"Ni Pasta Gichuki anaomba, Madam. Huyo haendangi na ratiba."

"Wangui, kati yangu na wewe, nani amefanya hii kazi miaka kumi na sita?"

Akafunga daftari.

Kulikuwa na jambo lingine, bomba la maganda. Kahawa ikimenywa, maganda hutoka na maji kwa nguvu kupitia bomba nene, na lile bomba lilikuwa linaelekea pale mahali tambarare ambapo kamati, bila kuniuliza, ilikuwa imesimamisha hema la wageni wa heshima. Nikasema hakuna shida, maombi yakiisha wageni wote watasogea kuiona mashine, hema litabaki tupu, na hata hivyo bomba nitaligeuza mwenyewe kabla ya saa tano.

Pasta akatuambia tusimame tufumbe macho. Akaombea mvua. Akaombea bei ya kahawa, watoto wa shule, wagonjwa mmoja mmoja kwa majina na wale wako ng'ambo, halafu akaingia kwenye mashine yenyewe, akaombea nyaya, akaombea nati, na mimi nikafungua jicho moja nikaona ni saa tano kasoro dakika mbili. Sasa mnijibu, ninyi mnaocheka, mngefanya nini? Kumkatiza pasta mbele ya akina mama wa kanisa ambao mamangu huketi nao? Nikaanza kunyata kando ya hema niende nikaligeuze lile bomba, nimeinamisha kichwa kama mtu aliyeguswa na Roho, nikagonga mzee mmoja, nikamwomba msamaha, akanijibu "Amina", na hapo saa tano ikafika.

Mashine iliwaka vizuri sana, hilo lazima niseme, kazi ya Wangui haikuwa na doa. Maji yakafunguka, kahawa ikashuka, na maganda mekundu yenye utelezi yakarushwa ndani ya hema, juu ya watu waliofumba macho. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kariuki, alipigwa ya uso, kofia ikaenda. Mimi nikakimbilia kitufe chekundu cha kusimamisha mashine, na vile viatu vya kuazima, juu ya saruji yenye maji, nikateleza nikaingia mzima mzima kwenye tangi la kuoshea kahawa, mpaka kifuani. Kabla sijapata pumzi mashine ikanyamaza. Wangui alikuwa amekibonyeza kitufe. Kumbe yeye hakuwa amefumba macho hata kidogo, alisimama karibu na kile kitufe tangu pasta alipoanza.

Mzee Kariuki akajipangusa, akamwangalia Wangui, ambaye mkono wake ulikuwa bado kwenye kitufe.

"Ni huyu msichana alitengeneza hii kitu?"

Watu wote wakamgeukia. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, si kwenye tangi: nilinyamaza. Ni muda wa kumeza mate mara mbili tu, lakini nilinyamaza, nikifikiria kazi nilizoahidiwa kule Kangema na jina langu. Wangui aliniangalia. Angeweza kunitaja na hakunitaja.

"Mzee, ni mimi," nikasema, bado niko tangini. "Yeye aliweka king'ora, mimi nikakitoa. Aliniambia maombi yatakuwa marefu, nikamnyamazisha."

"Na si wewe ndiye mwalimu?"

"Ni mimi."

"Sasa unawafundisha nini?"

Watu wakacheka, na hasira ikanipanda, afadhali ilinipanda. "Nawafundisha kuona hatari kabla haijafika, na huyu ameiona kabla yangu. Mkitaka kufukuza mtu nifukuzeni mimi, niko tayari, hata sijatoka kwa maji. Lakini mkimwacha huyu aende, mtaandika kazi mwingine ambaye hawezi kuambia mkubwa wake amekosea, na siku hiyo haitakuwa maganda, itakuwa mkono wa mtu."

Mzee Kariuki akaokota kofia yake, akaikung'uta.

"Kwanza mtoeni huko," akasema.

Wangui walimwandika kazi wiki hiyo. Mimi hawakuniita kwa miezi mitano, na wenzangu wa kazi wakanishauri nipumzike kufundisha vijana, ati nimejivunjia heshima. Sikupumzika na sipumziki. Niko na wengine watatu sasa, na siku ya kwanza nawaonyesha ile video mimi mwenyewe, wacheke wamalize, halafu nawaambia wakiona nakosea waseme, na nikijaribu kuwanyamazisha waseme tena. Lakini kutoa king'ora cha mtu kwa sababu ya makofi, hapana, hata azindue nani.

Mwezi uliopita waliniita nikabadilishe vali ya maji. Nikaingia moja kwa moja mpaka kwa mashine, nilivyozoea.

"Madam, rudi mpaka mlangoni," Wangui akasema, mbele ya foleni nzima ya wakulima na kahawa yao. "Nataka kuwasha."

Wakulima wakageuka, na wengine wakaanza kucheka, maana wananijua. Nilikuwa na jibu mdomoni, la miaka kumi na sita. Nikalimeza, nikarudi mpaka mlangoni na mkoba wangu wa vifaa, nikangoja king'ora kilie mpaka mwisho.