Bibi Aliyeinua Mguu Moyoni

Mimi nimemwona kwa macho yangu mgonjwa aliyefanya mazoezi ya goti wiki nne bila kuinua mguu hata mara moja.

Na hakunidanganya.

Mwenzenu nafanya kazi chumba cha mazoezi ya viungo, zahanati moja mkoani Roi Et, Thailand. Nina diploma, miaka arobaini na tisa, na mdomo usiotulia.

Bibi Bunlom ana miaka sabini na mbili. Goti lake la kushoto limesagika. Akilikunja linalia kama mlango wa ghala la mpunga.

"Daktari," akaniambia (mimi si daktari, nilishachoka kumsahihisha), "mjukuu wangu Thanawat anaingia utawa wiki ya nane kuanzia leo. Nimemlea tangu anaota meno. Lazima nimpigie magoti."

"Bibi, siku hizi wazee wanawekewa viti."

"Nimpokee mtawa nimekaa kama nasubiri basi? Kiti kalia wewe."

Haya. Tukaanza leza mara tatu kwa wiki. Anavaa miwani nyeusi, napitisha mwanga gotini, yeye kafumbata mikono anasali.

Nikampa na karatasi ya nyumbani: kaa kitini, nyoosha mguu mbele, hesabu kumi, shusha. Asubuhi na jioni, weka alama ya vema.

Alama zikajaa karatasi mbili. Maumivu yakapungua. Nguvu, hamna kitu. Kupiga magoti ndiyo kabisa.

"Bibi, unafanya kweli?"

"Kila siku nahesabu."

Nikapanda pikipiki mpaka kwake. "Nionyeshe."

Akakaa. Akafumba macho. Akahesabu moja mpaka kumi, taratibu, nyayo zimetulia sakafuni.

"Na mguu?"

"Mguu nauinua moyoni."

Nikageuka kutazama kiti kimeelekea wapi. Rafu ya Buddha. Maua mabichi, ubani unafuka.

Ukinyoosha mguu pale, unamwonyesha Buddha unyayo. Mama yangu angenichapa kwa hilo hata leo. Na karatasi niliandika mimi.

"Si ungeniambia, Bibi?"

"Umesoma. Ningekuaibishaje?"

Kiti kizito, hajawahi kukisogeza. Tukakizungusha. Upande wa kulia, picha ya marehemu mumewe. Kushoto, picha ya mama mkwe wake.

"Huyu je?" nikauliza.

Akafikiri muda mrefu. "Inatamanisha," akasema. "Lakini hapana."

Ikabaki televisheni.

"Hawa wa tamthilia nawaweza," akasema, na mguu ukapanda.

Siku ikafika. Hekalu limejaa. Thanawat katoka kanyolewa, kavaa joho la njano. Bibi Bunlom akashuka, goti moja, la pili. Akainama mara tatu. Akainuka mwenyewe, machozi yanamtoka.

Mimi pia nilikuwa nimepiga magoti.

Watu wakasimama. Mimi sikusimama. Goti langu la kulia, ambalo limekuwa likinong'ona mwaka mzima, likagoma mbele ya watawa tisa.

Bibi akanishika kwapani, akanivuta, akanisogezea kiti cha plastiki alichokuwa amewekewa yeye.

"Daktari, ile karatasi yako umewahi kuisoma?"

Wagonjwa wangu watatu walikuwa mstari wa nyuma. Walisikia.

Ndugu yangu unayetoa ushauri, kabla ya kumlaumu mtu nenda kaone kiti chake kimeelekea wapi. Halafu rudi uangalie chako.

Changu kilikuwa na nguo za kupiga pasi tangu mwaka jana.