Salamu Nne Kabla ya Kupanda Pikipiki

Nilipokuwa bado nang'oka meno ya utoto, baba alinipandisha kwenye dungu. Dungu ni kichanja cha miti cha kulindia mpunga, na cha kwetu kilikuwa kirefu kuliko vya majirani, maana baba alisema ndege hamwogopi mtu asiyemwona. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele na kurusha madongo kwa kombeo tangu jua linachomoza. Nguruwe walikuwa kazi ya kaka zangu. Mama aliniletea ugali na kambare mkavu, nikavuta kwa kamba, na kila alipofika aliniambia nisinywe maji ya mtaroni. Akiondoka tu, nakunywa.

Siku moja nikaona mtu anakata masuke katika jaruba letu la mwisho, kule karibu na matete. Alikuwa jirani yetu, mama wa heshima, kiongozi wa akina mama parokiani. Nikafanya nilichofundishwa. Nilipiga kelele mpaka mashamba yote yakasikia, na jina lake nikalitaja. Baba alipopata habari akanichapa. Mpunga wetu, mwizi si mimi, fimbo nikala mimi. Aliniambia neno moja tu: "Tulikuweka pale kwa ajili ya ndege."

Mwaka ule mpunga ulizaa sana. Kwa mpunga ule baba alinunua baiskeli, na baiskeli hiyo ndiyo iliyonitoa shuleni. Niliishia darasa la nne. Wenzangu wakijifunza kugawanya, mimi nilikuwa nimeigeuza baiskeli ya baba kichwa chini natafuta pancha kwenye beseni la maji. Sijutii sana. Ifakara ni tambarare, mtu wa milimani akija anashangaa jinsi bibi kizee anavyopiga pedali na gunia nyuma, kwa hiyo fundi baiskeli hapa halali njaa. Turubai langu liko pale pale kando ya barabara itokayo Lipangalala tangu enzi tunavuka mto kwa pantoni, daraja bado ni hadithi. Nimeona pikipiki zinakuja, nimeona bajaji zinakuja. Baiskeli ikianguka, mchele unamwagika, watu wanacheka, wanasaidia kuzoa. Pikipiki ikianguka hatucheki.

Ninaishi na mjukuu wangu wa kike. Mama yake yuko huko kwenye miwa, ameolewa na mfanyakazi wa shamba la sukari, na binti kabaki kwangu asome. Yuko kidato cha tatu. Shule yao iko mbali na barabara ina malori ya mpunga, basi nikaogopa kumpa baiskeli, mimi fundi baiskeli mzima. Nikamtafutia dereva wa bodaboda wa kumpeleka na kumrudisha. Hapa lazima niseme ukweli, nisijifiche nyuma ya wengine: dereva yule nilimchagua mimi.

Nilimchagua kwa sababu ya salamu. Vijana wa siku hizi wanapita na honi, lakini yeye alikuwa anazima pikipiki, anashuka, anainamisha kichwa mpaka naona kisogo: "Shikamoo mzee." Anaimba kwaya, sauti ya nne. Wazazi wawili wa jirani walipoona nimemkubali nao wakampa mabinti zao. "Mzee kamchagua, basi huyo ni mtu." Mabinti watatu juu ya pikipiki moja, na dereva wa nne. Mishikaki. Wote tulijua si halali. Wote tuliona ni sawa kwa sababu anaamkia vizuri.

Sasa hapo shuleni kuna klabu ya wanafunzi ya usalama barabarani na kupinga ulevi na dawa za kulevya. Mjukuu wangu akawa katibu wake. Mwanzoni niliipuuza. Nilidhani ni ngonjera tu, watoto wanajipanga mstari, wanasema bangi mbaya, wanapigiwa makofi. Kumbe wale watoto walikuwa wanafanya kazi. Walijua nani anasokota bangi kwa karatasi ya daftari nyuma ya vyoo, na hawakukimbilia kumshtaki. Walikaa naye. Kuna mvulana mmoja wa kidato cha pili walimkalia muhula mzima, wanakula naye, wanarudi naye nyumbani, mpaka akaacha. Mama yake alikuja kwenye turubai langu kunipa asante, kana kwamba ni mimi.

Na ndio waliobuni ile ya salamu. Jioni moja mjukuu wangu alinieleza huku anachambua mchele.

"Babu, ukishakaa nyuma ya dereva ndipo harufu inakuja. Lakini hapo umeshapanda, na yeye ameshaondoka. Kwa hiyo sisi tunamsalimia kwanza."

"Kumsalimia mtu ndiyo klabu?"

"Sikiliza kwanza. Unasimama karibu, unamtazama usoni. Habari za asubuhi, kaka. Za nyumbani. Watoto hawajambo. Na kazi inaendaje. Ni nne. Ya kwanza atajibu kwa pua, ya pili kwa mdomo nusu. Ya nne lazima afungue. Akinuka, hupandi."

"Na ukichelewa shule?"

"Mwalimu mlezi anajua. Tunaandika kwenye daftari la getini, tunaingia."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Maana salamu zetu ndivyo zilivyo, ndefu, ukikata katikati watu watasema umelelewa na nani. Hakuna dereva anayeweza kukataa kuulizwa habari za watoto wake. Polisi wana kile kimashine chao cha kupuliza, watoto wana salamu.

Baada ya kama wiki mbili dereva wetu akaanza kutafuna karafuu. Kisha akaanza kuvaa barakoa. Nilikuwepo asubuhi ile, naweka hewa kwenye tairi.

"Kaka, unaumwa?" mjukuu wangu akamwuliza.

"Vumbi."

"Hapa uani kwa babu kuna vumbi gani?"

"Wewe mtoto, unapanda au unahoji?"

"Nakusalimia tu, kaka. Watoto hawajambo?"

Akacheka, akapiga kiki. Binti akanigeukia. Akanitazama usoni, na wenzake wawili nao wananitazama. Nami nikasema, haya maneno nayasikia mpaka leo: "Panda, mama, utachelewa. Huyu anaamkia watu kuliko wanangu wa kuwazaa."

Wakapanda.

Haukupita mwezi wakaingia mtaroni. Mjukuu wangu alichubuka magoti. Aliyekaa katikati alivunjika mfupa wa bega, akalazwa. Dereva alisema barabara ilikuwa na utelezi. Ilikuwa kiangazi. Vumbi mpaka kwenye kope, majani ya barabarani yamekuwa mekundu kama matofali, na kijiwe kizima cha bodaboda kikashuhudia utelezi. Baba yake yule aliyevunjika aliletewa na watu wa kijiwe jogoo na pole, akapokea, yakaisha. Nami nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka, nikasema amina.

Asubuhi iliyofuata nikaenda kijiweni kwa miguu yangu. Akaniona, akashuka, akainama. "Shikamoo mzee." Nikakitazama kile kichwa kilivyoinama, ndipo nikaelewa kwa nini siku zote kinainama. Nikamsogelea.

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mzee." Anaiambia ardhi.

"Za kwaya?"

"Nzuri."

"Inua uso, mwanangu, mimi si udongo. Watoto?"

Akainua. Gongo, saa moja na nusu asubuhi, na karafuu juu yake kama mtu aliyetia marashi kwenye zizi. Nilirudi kwenye turubai langu sikuweza hata kushika spana. Hasira yangu haikuwa kwake peke yake. Binti wa miaka kumi na sita alinusa kabla yangu, akaniuliza kwa macho, nikamwambia panda. Tangu siku ile mjukuu wangu anakwenda kwa baiskeli, anapita njia ya mashambani.

Klabu ikanichukua niwe mjumbe wa wazazi kwenye kamati yao. Wakanipa fulana iliyoandikwa mgongoni *Fika Salama*. Nikaivaa juu ya shati. Ikaja siku ya klabu, mgeni rasmi anakuja, turubai la kukodi, viti vya plastiki, na risala. Nyinyi mnaijua risala. Watoto wanaandika yaliyo moyoni, kisha karatasi inaanza kutembea. Mwalimu mlezi anatoa mstari, mkuu wa shule anatoa mstari, ofisi ya kata inatoa mstari, na ikirudi kwa watoto imebaki kumshukuru mgeni kwa kuja na kuomba madawati. Aya iliyotolewa ilikuwa moja: kwamba mwenzao kavunjika bega kiangazi, kwamba dereva alikuwa amelewa, kwamba daftari la getini lina asubuhi ngapi za dereva huyo huyo, na kwamba wanaomba wazazi waache kupakiza watoto watatu. Hata jina hawakulitaja.

Mgeni rasmi akaja na msafara wa pikipiki, honi, matawi. Aliyemtangulia mbele ni dereva wetu. Kavaa fulana kama yangu. Muda wa zawadi ulipofika, mshereheshaji akamwita, wakampa cheti, ametangazwa balozi wa usalama barabarani kwa upande wa madereva, maana ndiye anayebeba wanafunzi wengi. Wanaobebwa wengi ndiyo ile mishikaki yenyewe. Watu wakapiga makofi. Akainama kupokea.

Mjukuu wangu akasimama kusoma risala. Akasoma vizuri mpaka pale palipokatwa, akashusha karatasi, akaisema ile aya kwa kichwa, neno kwa neno, sauti yake haikupanda wala kushuka. Mgeni rasmi alikuwa anaangalia simu. Mkuu wa shule hakuwa anaangalia simu.

Kikao kikaitwa wiki iliyofuata, ofisini. Alikuwepo mkuu wa shule, mwalimu mlezi, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, baba wa yule aliyevunjika, na mimi. Binti kasimamishwa mlangoni, hakupewa kiti. Dereva hakuja, alikuwa kazini.

Nilidhani tunakwenda kuzungumza habari za ulevi. Mashtaka yalikuwa salamu.

"Mzee wangu," mwenyekiti wa kijiwe akaanza, "wewe ni mtu wa mila. Toka lini salamu ikawa ya kunusia watu? Vijana wangu sasa wakisalimiwa wanaogopa kujibu. Hayo ndiyo malezi?"

"Toka mlipoanza kuitikia mkiwa na barakoa," nikasema.

Mwalimu mlezi akakohoa kuficha kicheko. Mkuu wa shule hakucheka.

"Hatukatai hoja, babu," akasema. "Lakini kuna utaratibu. Binti amemdhalilisha mtu mzima mwenye familia mbele ya mgeni. Aombe radhi mstarini, aseme alikosea, na klabu iendelee na nyimbo na maigizo. Mambo ya getini na daftari basi."

"Alikosea wapi?"

"Babu, tusirudi huko."

Nikamgeukia baba wa aliyevunjika. Mtu mwenye shamba karibu na langu, tumelima pamoja. "Wewe sema. Ni bega la mwanao."

Akaangalia viatu vyake. "Yaishe tu, mzee. Kijana ni mtoto wa watu. Na jogoo tulishakula."

Hapo binti akasema kutoka mlangoni, bila kuulizwa. "Nafasi ya mwenzangu imeshajazwa. Kuna wa kidato cha kwanza anakaa pale katikati sasa. Leo asubuhi nimemwona. Nikisema nilikosea, yeye atawezaje kukataa kupanda?"

"Hujaulizwa," mkuu wa shule akamwambia, taratibu, bila ukali. Ule utaratibu wake ndio ulionichoma. Angefoka ningemwelewa.

Wakaniwekea karatasi. Ilikuwa imeshapigwa chapa kabla hatujakaa: mzazi anakiri mwanafunzi kakosa nidhamu, atamwonya, hatarudia. Mkuu wa shule akanipa kalamu, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuandika jina, akadhani sioni. Ninaona. Naandika polepole lakini naandika.

"Niulize kitu," nikasema. "Huyu wa kidato cha kwanza, mzazi wake ameitwa?"

Wakatazamana. Mwalimu mlezi peke yake ndiye aliyetikisa kichwa kusema hapana.

"Basi kesho asubuhi mtoto huyo anapanda, na nyinyi mnajua, nami najua, na karatasi mliyoandika ni ya huyu aliyesema."

"Mzee, saini tumalize, watu wana kazi," mwenyekiti wa kijiwe akasema.

Niliweka kalamu mezani. Nikavua ile fulana ya klabu niliyokuwa nimekuja nayo mwilini, shati langu likabaki, nikaikunja nikaiweka kwenye kiti nilichokalia. Nikamwambia mjukuu wangu twende kwanza kwa mzazi wa yule mtoto, nikamwuliza anakaa wapi, akasema nyuma ya mashine ya kukoboa. Mkuu wa shule aliniita mara mbili, kwa heshima kabisa, "Babu, babu." Sikugeuka. Nikatoka na binti nyuma yangu, tukapita getini, na kwenye kamati ile sijarudi tena.