Kabati Linalonuka

Jumamosi, kwenye duka la samani Ushirombo, bibi mmoja aliyenitangulia kwenye foleni aliweka juu ya kaunta kifaa cheupe cha kupima hewa ya ndani.

“Tangu kabati lako liingie, kinawaka nyekundu na kulia. Binti yangu anasema ni fomaldehaidi, inatoka kwenye gundi ya mbao. Mjukuu macho yanamwasha.”

“Bibi, hiyo harufu ya upya tu. Choma udi.”

“Nilichoma. Kikazidi kupiga kelele.”

Muuzaji alijikuna shingo. “Basi liweke nje kibarazani, mtoto alale madirisha wazi.”

Bibi alikwenda kutafuta wabebaji.

Nilikumbuka kabati letu la mninga la utotoni. Fundi alilipaka vanishi uani, likabaki huko na kuku. Sisi watoto tulinuna, tukitaka kuwaringia wageni. Mama alifungua mlango wa kabati kila asubuhi, akaingiza kichwa, akanusa, akasema, “Bado.”